Siku mbili za wiki zisizoahirishwa: Kuishi na usafishaji damu Kajiado

Saa kumi na moja alfajiri, wakati wakazi wengi wa Kitengela wanapanga foleni kuingia matatu za Nairobi, wapo wachache wanaosimama upande wa pili wa barabara. Wanaelekea Kajiado mjini, safari ya takribani kilomita 50 kwa barabara ya Namanga kupitia Isinya. Utawatambua kwa blanketi iliyokunjwa kwenye mfuko hata msimu wa jua kali, kwa sababu damu inayotoka mwilini na kurudi kupitia mipira ya mashine humfanya mtu asikie baridi. Watarudi alasiri wakiwa wamechoka, na baada ya siku tatu au nne watakuwa hapo tena.

Hao ni wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, huduma ambayo wengi huiita dialisisi. Safari hiyo haina likizo. Haijali kama kuna mazishi nyumbani, kama ni siku ya soko la mifugo au kama shule zinafunguliwa na karo haijapatikana. Mgonjwa aliyekosa dawa ya shinikizo la damu kwa siku mbili anaweza kujisahihisha siku ya tatu. Aliyekosa mashine kwa wiki nzima huenda asifike wiki ya pili. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na mgonjwa na jamaa zake wanaweza kufanya nini ili maisha yaendelee.

Figo hufanya nini

Kila figo lina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja maji ya damu yanayokaribia lita 180, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Humo ndimo mna taka za chakula, chumvi iliyozidi na maji yasiyohitajika. Zaidi ya kuchuja, figo hutoa homoni inayoamuru uboho utengeneze damu, husaidia kudhibiti shinikizo la damu, na huikamilisha vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huishiwa na damu na huumwa na mifupa, mambo ambayo majirani hawayahusishi kabisa na mkojo.

Figo hufa kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na bado achunge ng'ombe, aendeshe bodaboda na kulala vizuri. Miguu inapovimba, pumzi inapokata akipanda ngazi na kichefuchefu kinapomzidi kila asubuhi, mara nyingi uwezo uliobaki ni chini ya asilimia 15. Hapo ndipo daktari huanza kuzungumzia mashine.

Mashine yenyewe ilizaliwa wakati wa vita. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliiunda mwaka 1943 katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, akitumia utando wa kufungia soseji kama kichujio. Mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa nayo alipona mwaka 1945. Lakini ilifaa kwa siku chache tu, kwa sababu kila kipindi kiliharibu mshipa mwingine wa damu. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alitengeneza mpira mdogo wa kubaki mkononi mwa mgonjwa, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye figo zilizokufa kabisa aliweza kurudi kwenye mashine wiki baada ya wiki. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo aliishi miaka 11 zaidi.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi mgonjwa wa Kajiado alitegemea Nairobi, hasa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au hospitali ya kibinafsi iwapo familia ilikuwa na uwezo. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, na hospitali moja katika kila kaunti ikatengewa mashine za kusafisha damu. Katika kaunti hii huduma hiyo iko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Kajiado mjini. Kwa mkazi wa Isinya au Bisil hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mkazi wa Namanga bado ni takribani kilomita 85 kwenda na nyingine 85 kurudi, na kwa wa Loitokitok ni mbali zaidi ya hapo.

Saa nne kwenye kiti

Siku ya huduma huanzia kwenye mizani. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani uzito ambao daktari ameamua kwamba ndio wake halisi maji yaliyozidi yakiondolewa. Akija amezidi kilo mbili, hizo kilo mbili ni maji, na muuguzi ataipangia mashine iyatoe. Hapimwi unene, na hakuna sababu ya kuona aibu mizani inapopanda. Aibu humfanya mtu avue sweta na viatu ili asomeke mwepesi, kisha anarudi nyumbani na maji ambayo yalipaswa kutolewa.

Baada ya hapo sindano mbili huingizwa mkononi, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Damu hupita ndani ya kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati kama mirija. Nje ya nyuzi hizo hupita maji maalumu yaliyochanganywa na madini kwa vipimo. Taka huvuka kutoka upande wa damu kwenda upande wa maji, na chembe za damu zenyewe haziwezi kupenya. Wakati wowote damu iliyo nje ya mwili ni kidogo, haifiki ujazo wa chupa ya nusu lita. Hofu kwamba mgonjwa “anamwagwa damu yote” haina msingi, ingawa anayeiona mipira ile myekundu kwa mara ya kwanza anaelewa kwa nini jamaa hukimbilia nje.

Kipindi kimoja huchukua saa nne. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni vipindi vitatu kwa wiki. Wagonjwa wengi nchini hufanya viwili, hasa kwa sababu ndivyo bima ya zamani ya NHIF ilivyokuwa ikilipia na ndivyo nafasi zilivyoruhusu. Tofauti hiyo si ndogo. Figo la kawaida hufanya kazi saa 168 kwa wiki na mashine inafanya nane. Anayekatiza kipindi kwa saa moja kwa sababu matatu ya mwisho itaondoka anaachia robo ya usafishaji wa siku hiyo. Wauguzi huwa wakali kuhusu jambo hili, na wana haki ya kuwa wakali.

Misuli inaweza kukaza, shinikizo la damu kushuka na kichwa kuuma, hasa kama maji mengi yanatolewa kwa haraka. Mgonjwa amwambie muuguzi mara moja badala ya kuvumilia. Vilevile aulize ni dawa zipi ameze kabla na zipi baada ya mashine, kwa sababu baadhi ya dawa husafishwa pamoja na taka, na baadhi ya zile za shinikizo zikimezwa asubuhi humfanya aishiwe nguvu akiwa kitini. Siku hiyo huwekewa pia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo si siku ya kung'oa jino.

Maji mengi kuliko anayokunywa

Jambo linalosahaulika katika huduma hii ni maji. Kwa kawaida mashine hupitisha nusu lita ya maji maalumu kila dakika. Kwa saa nne hiyo ni lita 120, mitungi sita ya lita 20, kwa mgonjwa mmoja katika kipindi kimoja. Kwa mwaka wa vipindi viwili kwa wiki ni zaidi ya lita 12,000. Hapo bado hayajahesabiwa yale yanayotupwa na mtambo wa kuyasafisha, ambayo ni mengi.

Hayawezi kuwa maji yoyote. Mtu mzima hunywa lita 14 hivi kwa wiki, na tumbo na figo zake humkinga na mengi yaliyomo. Mgonjwa wa mashine hukutanishwa na lita 240 kwa wiki, zikitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Mkazi wa Kajiado anajua maji ya visima vya huku. Mengi yana chumvi, na maeneo mengi yana floridi ya kutosha kugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kitengela hutegemea visima, maboza na bomba la Nolturesh linaloleta maji ya chemchemi kutoka miteremko ya Kilimanjaro, yanapofika. Yote hayo ni lazima yapite kwenye vichujio na mtambo maalumu wa kuondoa madini, klorini na vijidudu kabla ya kugusa mashine.

Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kliniki ya figo ilipokea maji yaliyoletwa kwa malori kutoka bwawani bila kutibiwa ipasavyo. Bwawa lilikuwa na sumu ya mwani. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Kwa hiyo kitengo kinapomwambia mgonjwa kwamba kipindi cha asubuhi kimesogezwa mchana kwa sababu maji yanapimwa au mtambo unarekebishwa, kusubiri huko ni sehemu ya tiba. Na mgonjwa ana haki ya kuuliza maji yalipimwa lini.

Mkono unaobeba maisha

Wengi huanza na katheta, mpira laini unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kutokezea kifuani. Unafaa kwa dharura, lakini ni mlango ulio wazi kwa vijidudu, nao huelekea karibu na moyo. Haupaswi kuloweshwa. Kwa nyumba zisizo na bafu la bomba, hilo linamaanisha kuoga kwa beseni na kitambaa, kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu kupanguswa tu. Mwenye katheta akipata homa au akatetemeka kwa baridi, hata ikiwa ni usiku wa Jumamosi, aende hospitali. Asisubiri Jumatatu, wala asinunue dawa ya malaria kwanza.

Njia bora ni fistula. Daktari wa upasuaji huunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, kwa kawaida katika mkono usiotumika sana, na baada ya wiki sita au zaidi mshipa unakuwa mnene na wenye nguvu za kudungwa mara kwa mara. Madaktari wa New York waliitangaza njia hii mwaka 1966 na hadi leo haijapatikana iliyo bora kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba inahitaji kupangwa mapema, kabla mgonjwa hajazidiwa, na wengi hapa hufika hospitalini wakiwa tayari wamezidiwa. Aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake zinaelekea kushindwa aulize kuhusu fistula siku hiyohiyo, hata kama mashine bado iko mbali. Na tangu siku hiyo aukinge mkono wake na sindano zisizo za lazima.

Fistula iliyokomaa hutetemeka ukiigusa, kama paka anayekoroma. Mgonjwa huigusa kila asubuhi anapoamka. Mtetemo ukikosekana ameshapoteza muda, apige simu kitengoni na aanze safari, kwa sababu ikigunduliwa mapema inaweza kuokolewa. Mkono huo haupimwi shinikizo la damu, hautolewi damu ya vipimo, haubebeshwi mtungi wa maji wala gunia, haulaliwi na hauvishwi saa ya kubana. Mwanamke anayeteka maji kisimani, au anayebeba mtoto mgongoni kwa leso iliyofungwa juu ya bega, atahitaji msaada wa nyumba nzima ili kutimiza hayo. Kumwambia tu “usibebe vitu vizito” hakumsaidii iwapo hakuna mwingine wa kubeba.

Kikombe, maziwa na magadi

Mgonjwa ambaye figo zake hazitoi tena mkojo wa kutosha huhifadhi kila anachokunywa hadi siku ya mashine. Wengi huelekezwa wanywe nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa siku, kuongeza kiasi cha mkojo walioutoa siku iliyotangulia. Kiwango cha kila mtu hutolewa na daktari wake. Nusu lita ni vikombe viwili vya chai. Na hesabu hiyo inajumlisha uji, supu, maziwa, mchuzi, barafu na maji ya kumezea dawa.

Hapa ndipo ugumu wa kila siku ulipo, hasa Januari na Februari, Kitengela ikiwa vumbi tupu. Wenye uzoefu wana mbinu zao. Wengine hujaza chupa moja asubuhi na kila kinachonywewa, hata chai, hupunguzwa kutoka humo. Wengine hutumia kikombe kidogo, husukutua mdomo bila kumeza, au hunyonya kipande cha ndimu. Lakini kiu kubwa haitoki kwenye jua, inatoka kwenye chumvi. Anayekula nyama choma iliyozamishwa kwenye chumvi atakunywa tu, apende asipende.

Kaunti hii ina chumvi ya aina yake. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi hutumika jikoni kulainisha maharagwe, githeri na kunde, na wapishi wengi hawayahesabu kama chumvi kwa sababu hayana ladha ileile. Yana sodiamu kwa wingi. Mgonjwa anayesema ameacha chumvi kabisa na bado anavimba miguu aulizwe maharagwe ya nyumbani hupikwa vipi. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vimejaa chumvi. Na zipo chumvi mbadala zinazouzwa kwa “wagonjwa wa presha” ambazo zimetengenezwa kwa potasiamu. Hizo kwa mgonjwa wa mashine ni hatari kuliko chumvi yenyewe.

Potasiamu ndiyo huua ghafla. Ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama bila onyo lolote. Imo kwa wingi katika ndizi, parachichi, machungwa, nyanya, maharagwe, viazi na mboga za majani, yaani vyakula vilevile ambavyo mtu mwenye afya huhimizwa kula. Wageni huja hospitalini na mfuko wa ndizi na sharubati kwa nia njema kabisa. Heri walete tufaha au nanasi kidogo. Viazi na mboga vinaweza kupunguzwa potasiamu kwa kukatwa vipande vidogo, kulowekwa katika maji mengi, kuchemshwa na kumwaga maji hayo kabla ya kupika upya. Mukimo haufai sana kwa sababu kila kitu hupondwa pamoja na maji yake.

Maziwa yana fosforasi, ambayo mashine huiondoa kwa shida, na ikizidi hunyonya nguvu za mifupa na kuwasha ngozi. Katika nyumba ya Kimaasai, kumwambia mzee apunguze maziwa ni kumwambia aache kitu alichokulia. Mara nyingi mshauri wa lishe hatayaondoa kabisa. Atakubali kikombe kidogo kwa siku na dawa ya kufunga fosforasi imezwe pamoja na mlo wenyewe, kwa sababu ikimezwa baadaye haifanyi kazi. Nyama na mayai, kwa upande mwingine, huongezwa mgonjwa anapoanza mashine, maana hupoteza protini katika kila kipindi. Wengi wanaendelea kujinyima nyama kwa kufuata ushauri waliopewa kabla ya mashine na wanakonda bila sababu.

Kuhusu dawa za mitishamba na supu za magome, mgonjwa asifiche. Mwili wenye figo nzima hutoa mabaki ya dawa hizo, wake hautoi, na baadhi ya mimea ina potasiamu nyingi. Daktari anayeambiwa ukweli anaweza kushauri. Anayefichwa anatibu asichokijua.

Nauli, SHA na ng'ombe

Tangu Oktoba 1, 2024, huduma hii hulipiwa kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kiwango cha kipindi kimoja kilipandishwa kutoka Sh9,500 hadi Sh10,650. Kwa vipindi viwili kwa wiki, gharama ya mwaka mmoja ni Sh1,107,600. Mchango wa mwenye ajira ni asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa asiye na ajira rasmi huamuliwa baada ya kupimwa uwezo wa nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya.

Mambo mawili huwaangusha watu. La kwanza ni kujisajili bila kulipa mchango. Usajili peke yake haulipii mashine. La pili ni mchango wa mwaka kuisha bila mtu kukumbuka, na mgonjwa akaligundua hilo akiwa tayari amekaa kitini. Tarehe hiyo iandikwe mlangoni au kwenye simu ya kijana wa nyumba. Zipo familia zilizouza ng'ombe watano kulipia miezi ya mwanzo hospitali ya kibinafsi kabla ya mtu yeyote kuuliza dawati la SHA. Kuuliza ni bure, na kuna maafisa wa ustawi wa jamii hospitalini kwa kazi hiyo.

SHA hailipi nauli. Kwa wengi hilo ndilo tundu kubwa zaidi: safari nne kwa wiki, na mara nyingi za watu wawili, kwa sababu mgonjwa anayetoka kwenye mashine hapaswi kusafiri akiwa peke yake hadi atakapouzoea mwili wake. Wagonjwa wanaotoka upande mmoja hufanya vizuri wanapoomba kitengo kiwapange siku moja ili wakodishe gari pamoja. Ndugu wanaofanya harambee nao wafikirie hili. Harambee kubwa ya siku moja huliwa na bili ya kwanza, lakini watu kumi wakichanga nauli kila mwezi, mgonjwa anafika.

Pengo refu la wiki ndilo lenye hatari zaidi. Anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi hukaa siku nne kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, na Jumatatu hiyo ndiyo mwili huwa umejaa maji na potasiamu. Sherehe nyingi za kijijini, kwa bahati mbaya, huwa Jumamosi. Akikosa kipindi kwa sababu yoyote, mafuriko, gari kuharibika au mgomo, akaze masharti ya maji na matunda na apige simu mara moja apewe nafasi nyingine. Kukosa pumzi akilala chali, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au miguu kulegea ni dharura, hata kama zamu yake ni kesho.

Mtu anayetaka kwenda Krismasi kwa jamaa Kisii au Mombasa anaweza kwenda. Kwa kuwa kila kaunti ilitengewa mashine, apange wiki kadhaa mapema. Achukue barua ya rufaa, matokeo ya karibuni ya vipimo vya homa ya ini na Ukimwi, na karatasi inayoonyesha uzito wake mkavu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni muhimu kwa kila aliye kwenye mashine, na ni vyema ianze kabla.

Kazi, ndoa na figo la ndugu

Wapo wanaofanya kazi miaka mingi wakiwa kwenye mashine: walimu, wafanyabiashara, mafundi. Mwajiri anayejua ratiba humpangia mtu siku. Anayefichwa huona utoro tu. Kazi za kubeba mizigo na kukaa juani kutwa huwa ngumu, na baba aliyekuwa akilisha nyumba kwa nguvu zake huumia kwa jambo hilo kuliko kwa sindano. Nguvu za ndoa nazo hupungua kwa wengi, kwa sababu ya ugonjwa na dawa, na ni jambo ambalo daktari anaweza kusaidia iwapo litatajwa. Huzuni inayodumu wiki nyingi, mtu akianza kuruka vipindi kwa makusudi, ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Atibiwe, asikaripiwe.

Kwa anayefaa, figo la kupandikizwa humtoa kwenye kiti. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Moi ya Eldoret ni miongoni mwa za umma zinazofanya upasuaji huo. Mtu mwenye afya anaweza kuishi vyema na figo moja, lakini mtoaji hupimwa kwa kina kabla ya kukubaliwa, na anaweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho bila kutoa sababu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza kulipwa kwa ajili ya kiungo. Kijana wa Kitengela anayeahidiwa laki kadhaa kwa figo lake aelewe kwamba anayemwahidi anamwalika kwenye kosa la jinai, na kwamba baada ya fedha kuisha hakutakuwa na mtu wa kufuatilia afya yake. Aliyepandikizwa naye hunywa dawa kila siku maisha yake yote ili mwili usilikatae figo jipya.

Kabla ya mashine

Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikuu, na vyote hupimwa kwa dakika chache. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo na cha sukari, kwa hiyo mkazi anaweza kupimwa mlangoni pake. Mwenye ugonjwa mmojawapo aombe pia kipimo cha protini kwenye mkojo na cha kriatinini kwenye damu angalau mara moja kwa mwaka. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa mazoea kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya mgongo na magoti, huharibu figo zikitumiwa mfululizo. Wazee wanaozimeza kila siku wamweleze daktari katika ziara inayofuata, na wabebe pakiti yenyewe.